4.9 au 5.3: majibu kwa wanaosema kizingiti ni jambo dogo

Mwezi wa Agosti, ukisimama ufukweni hapa Bujumbura ukatazama magharibi, huoni kitu. Vumbi na moshi wa kiangazi vimefunika Tanganyika mpaka maji na mbingu vimekuwa rangi moja. Zikinyesha mvua mbili tatu za kwanza, unaamka asubuhi unaikuta milima ya Kongo imesimama juu ya Uvira, kila korongo linahesabika. Hakuna aliyeileta usiku.

Nalitaja hilo kwa sababu mimi nami nalipwa kutazama milima, ila yangu iko kwenye kioo cha kompyuta, na vumbi lake nalipanga mwenyewe kwa namba. Kazi ni kupima sumukuvu, yaani aflatoksini, kwenye unga wa mahindi na karanga. Unachukua gramu 25 za unga, unazitikisa na methanoli na maji, unachuja, unapitisha kwenye kichujio chenye kingamwili zinazonasa sumu hiyo na kuyaacha mengine yaende zake. Ulichonasa unakidunga kwenye kromatografu. Ndani mna bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa chembechembe laini za silika. Pampu inasukuma, kila kemikali inachelewa kwa kiasi chake, mwishowe zinatoka moja moja mbele ya detekta. Detekta inazimulika, zinawaka. Sumu hiyo ina aina nne: kwenye mashine yetu inatangulia G2, inafuata G1, kisha B2, na mwisho B1, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Herufi hizo ni za rangi: B ni bluu, G ni kijani kwa Kiingereza, walivyoziona watafiti zikiwaka baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil.

Kila kemikali inapopita, kalamu ya kompyuta inapanda na kushuka. Hicho ndicho kilele. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema piki. Eneo lililo chini ya kilele ndilo kiasi cha sumu. Lakini programu haijui mlima unaanzia wapi na unaishia wapi mpaka uiambie. Unaiambia kwa namba chache: mstari ukipanda kwa ukali kiasi gani ihesabu kwamba kilele kimeanza (hicho ndicho kizingiti), kilele kinatarajiwa kuwa na upana gani, na eneo dogo kiasi gani lipuuzwe. Majina hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji hadi mtengenezaji, na programu nyingine hutazama mpindo wa mstari badala ya mteremko wake, ila swali ni lile lile.

Sasa kisa. Sampuli moja ya unga, sindano moja, faili moja kwenye kompyuta. Kijana wetu wa labo aliichakata akapata B1 mikrogramu 4.9 kwa kilo. Mimi nikaichakata tena kwa kizingiti kingine, nikapata 5.3. Kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, na 10 kwa sumukuvu zote nne zikijumlishwa. Kwa karatasi ya kwanza unga unakwenda sokoni. Kwa ya pili unabaki stoo. Mwenye mali, mama mmoja wa Buyenzi anayeleta unga kwa malori, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akisubiri.

Tulibishana siku mbili, na walioungana nasi mezani walikuja na madai ambayo nimeyasikia miaka yote niliyofanya kazi hii. Nayajibu hapa moja moja.

"Mashine imetoka kiwandani imeshapangwa. Usiiguse."

Kiwandani hawakuuona unga wako. Namba walizoziweka ni za kukuwezesha kuwasha mashine na kuona kitu kwenye kioo, basi. Fundi aliyezichagua hakujua taa ya detekta yako ina umri gani, wala bomba lako ni la sentimita 25 au 10.

Chukua upana peke yake. Kilele chetu cha B1 kina upana wa sekunde 12 chini kwenye msingi. Detekta ikisoma mara moja kwa sekunde, kilele kizima kinachorwa kwa nukta 12, na wengi kwenye fani hii wanataka zisipungue 15 hadi 20. Siku utakaponunua bomba fupi ili uokoe methanoli, kilele kitabana kiwe cha sekunde nne. Nukta nne! Huo tena si mlima, ni paa la kibanda. Na programu iliyoambiwa itarajie vilele vipana hukusanya nukta na kuzichukulia wastani kabla haijatafuta chochote, hivyo kilele chembamba kinafutwa na mashine iliyonunuliwa kukitafuta.

"Basi shusha kizingiti mpaka chini kabisa, hutakosa kitu."

Hili ni dai la waoga, nami nililiamini miaka yangu ya mwanzo. Nilidunga methanoli tupu, isiyo na unga wala sumu, kizingiti kikiwa chini kabisa. Programu ikanipa orodha ya kurasa tatu. Kila mtetemo wa taa ulikuwa kilele, una namba yake, una eneo lake, una asilimia yake. Kimojawapo kilitua pale pale B1 inapotokea, na programu, kwa utiifu wake wote, ikakiandika jina: aflatoksini B1.

Tena kelele, ndivyo tunavyoiita mitetemo hiyo, haziishii kukuzulia vilele vya uongo. Zinaviharibu na vya kweli. Kizingiti kikiwa chini mno, programu inadhani kilele kimeanza kwenye mtikisiko ulio sekunde tano kabla yake, inavuta mstari wa msingi kutoka hapo, na eneo linabadilika kila unapodunga. Au inaona kijinundu juu ya kilele kimoja inakipasua viwili. Ukiona matokeo ya sampuli moja yanarukaruka na pampu ni nzima, tazama hapo kwanza.

Njia ya kawaida haina uganga wowote. Dunga sampuli tupu, pandisha kizingiti mpaka orodha ya vilele iishe au ibaki vichache unavyovijua. Kisha dunga myeyusho sanifu, yaani wenye kiasi cha sumu unachokijua, ulio dhaifu kuliko yote utakayoitumia, uone kama vilele vinne vyote bado vinaonekana. Kama havionekani, mashine yako haiwezi kupima kiasi hicho, na kizingiti hakitakusaidia. Desturi ya fani ni kwamba kilele kifikie mara 3 ya kelele ndipo useme kipo, na mara 10 ndipo useme ni kiasi gani.

"Hata kikikata vibaya, kinakata vibaya kwa sanifu na kwa sampuli. Kosa linajifuta."

Hapa ndipo kijana wetu alipokuwa amesimama, na si mjinga. Ndilo dai lenye nguvu kuliko mengine, kwa hiyo nitalikalia.

Tuchukue kilele safi chenye umbo la kengele. Kizingiti kikichelewa, programu inaanza kuhesabu mlima ukiwa umeshapanda kidogo, na inaacha kabla haujafika chini upande wa pili. Kisha inavuta mstari ulionyooka kati ya nukta hizo mbili na kutupa kila kilicho chini yake. Unapoteza mara mbili: mikia ya pembeni, na tofali zima chini ya mstari. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Ukichukua mtawanyiko wa kilele kuwa hatua moja, kuanzia hatua tatu kutoka katikati kunapoteza karibu asilimia 3 ya eneo. Kuanzia hatua mbili na nusu kunapoteza asilimia 10. Kuanzia hatua mbili, asilimia 26. Nusu hatua tu, na robo ya sumu imetupwa.

Sasa, kizingiti ni ukali wa mteremko, na mlima mrefu una mteremko mkali hata karibu na chini yake. Kwa hiyo kizingiti kile kile kinaukamata mlima mrefu mapema na mfupi kwa kuchelewa. Kwa kizingiti alichotumia kijana, kilele cha mikrogramu 20 kilipoteza kama asilimia 2.5. Cha 5.3 kilipoteza asilimia 10. Cha mikrogramu 1 kingepoteza kama asilimia 70, na kilicho chini kidogo ya hapo kisingeonekana kabisa. Ripoti ingesema hakuna sumu. Kosa linajifuta pale tu kilele cha sampuli na cha sanifu vinapolingana kimo. Yeye alikuwa ametumia sanifu moja, ya mikrogramu 20, akavuta mstari mpaka sifuri. Simlaumu sana: myeyusho sanifu wa aflatoksini unaagizwa kutoka nje kwa pesa za kigeni, unakuja kwenye kichupa cha mililita moja, na kila tone linahesabiwa. Lakini fanya hesabu mwenyewe: 5.3 mara 0.90, gawanya kwa 0.975. Unapata 4.9.

"Basi tutumie sanifu nyingi," alisema mwingine, na hapo alisema kweli. Nilijaribu kwenye karatasi: sanifu za 1, 5, 10 na 20, zote zimekatwa kwa kizingiti kile kile kibaya. Mstari ulinyooka vizuri mno. Ule mraba wa mgawo wa uwiano, ambao wakaguzi wanaupenda kama wali wa nazi, ulikuwa zaidi ya 0.9999. Na sampuli ilisomeka 5.4, karibu kabisa na ukweli. Kwa hiyo dai lina nusu ya haki. Ila tazama mstari ule unakata wapi mhimili: haukupita kwenye sifuri, ulipita kwenye 0.6 hivi. Yaani kwa mashine hiyo, unga wenye mikrogramu 0.6 za sumu ni sawa na unga usio na sumu. Namba ya 0.9999 haikusema neno juu ya hilo, wala haiwezi, kwa sababu inabebwa na nukta za juu.

Bado kuna unga wenyewe. Sanifu ni sumu safi ndani ya methanoli, lakini sampuli ina mafuta, rangi na uchafu uliopenya kichujio. Bomba likichakaa, kilele cha sampuli kinalala na kupanuka kuliko cha sanifu. Kikipanuka kwa sehemu moja ya tano tu, sumu ikiwa ile ile, mteremko wake unapungua, kizingiti kinachelewa zaidi, na hata kwa zile sanifu nne 5.3 inageuka 5.1. Dawa si kuongeza sanifu bila kikomo, ni kukiondoa kizingiti mahali kinapokata nyama.

"Unahangaika na asilimia 10 wakati gunia lenyewe hujui umechota wapi."

Aliyesema hivi ni mzee wa kazi, nami nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu, maana ni kweli tupu. Sumukuvu haisambai kama chumvi kwenye mchuzi. Inakaa kwenye punje chache zilizooza, na kati ya maelfu ya punje safi moja inaweza kubeba sumu ya gunia zima. Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii linatokea kwenye bambo, kabla labo haijawashwa taa. Tena hata tukiwa na unga uliochanganywa vizuri, 4.9 na 5.3 zote mbili zimo ndani ya shaka ambayo labo yoyote yenye adabu huiandika pembeni ya jibu lake.

Lakini kosa la kuchota linakwenda pande zote mbili. Leo umeokota punje mbovu, kesho umeikosa. Chota mara nyingi na wastani utakaribia ukweli. Kosa la kizingiti kilichochelewa linakwenda upande mmoja tu, wa kusema unga ni salama zaidi kuliko ulivyo, na linafanya hivyo kila siku, kwa kila gunia lililo karibu na kikomo. Ukichota mara mia moja, litakuwepo mara zote mia. Mizani yenye mkono unaotetemeka na mizani iliyofungiwa jiwe chini ni vitu viwili, na wafanyabiashara wa soko lolote hapa mjini wanaijua tofauti hiyo vizuri kuliko wanakemia.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu. Viwango vya pale vilikuwa vya juu sana, kizingiti chochote kingeviona. Sitaki kumtisha mtu kwa mfano usiofaa. Lakini mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa siku kadhaa kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti, na moja lilikuwa karatasi ya kuonyesha kwamba hayavuki mikrogramu 10. Tangu hapo biashara ya mpakani inaning'inia kwenye karatasi kama zetu. Burundi imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Dereva wa lori hatamweleza afisa wa upande wa pili kwamba labo yetu huanza mlima hatua mbili na nusu.

"Kilele kisicho na jina ni kelele tu. Weka eneo la chini, kitatoweka."

Kitatoweka kwenye karatasi. Mwezi Julai 2018 Ulaya ilianza kuiondoa madukani valsartan, dawa ya shinikizo la damu, kwa sababu malighafi yake iliyotoka Zhejiang Huahai ya China ilikuwa na NDMA, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiandikia kampuni hiyo barua ya onyo Novemba mwaka huo. Ndani ya barua mlikuwa na jambo ambalo kila mtu wa kromatografu angelisoma amesimama: kwenye kromatogramu za zamani za kampuni hiyo kulikuwa na kilele kisichojulikana, pale pale NDMA inapotoka, nao walikichukulia kuwa kelele tu.

Sisemi kila nundu ni sumu. Nyingi ni uchafu wa plastiki, methanoli iliyozeeka, hewa. Lakini kelele hazina saa, zinatokea popote. Nundu inayorudi dakika ile ile, kwenye sindano tatu, na isionekane kwenye sampuli tupu, hiyo ina mwenyewe. Kuipuuza kwa namba uliyoiweka kabla ya kuiona ni kuamua kesi kabla ya mashahidi.

"Kuchora msingi kwa mkono ni wizi."

Wazee wetu walikata vilele kwa mkasi, wakavipima karatasi kwenye mizani ya kemia, na hakuna aliyewaita wezi. Mkono haujawa haramu. Kuna vilele ambavyo programu inavikata kijinga: kidogo kilichopanda mgongo wa kikubwa, kwa mfano. Ukishusha mstari wima katikati yao, kidogo kinarithi mkia wa kaka yake na kinanenepa bila haki. Jicho la mtu aliyezoea huona hilo mara moja.

Lakini naelewa hofu ilikotoka. Mwaka 2005 kampuni ya Able Laboratories ya New Jersey, Marekani, ilisimamisha kazi na kuita dawa zake zote zirudi, baada ya kugundulika kwamba matokeo ya vipimo yalikuwa yakibadilishwa, kromatogramu zikiwemo, ili dawa zilizofeli zionekane zimefaulu. Mchezo wa aina hiyo hauhitaji kemia: unatazama namba, huipendi, unasogeza mstari, unatazama tena.

Angalia kwamba kosa hapo ni mpangilio wa matendo. Mtu anayesogeza mstari baada ya kuona jibu ananiogopesha hata kama hatumii mkono, akitumia kizingiti "halali" cha programu. Nami, kusema kweli, nilipoichakata ile sampuli mara ya pili nilikuwa nimeshaiona 4.9. Ndiyo maana sikuitoa 5.3 siku ile. Anayechora kwa mkono, akaandika sababu, akaacha ile ya mwanzo kwenye faili, na mwenzake akatia saini, simwogopi.

"Haya ni ya Ulaya. Sisi tatizo letu ni umeme."

Umeme ukikatika saa tano na kurudi saa saba, nini hutokea? Taa ya detekta inaanza upya na inahitaji muda kutulia. Wakati huo msingi unapanda kama barabara ya Bugarama. Kiyoyozi kimezimwa, chumba kimefika nyuzi 32. Bomba likipata joto, vilele vinatoka mapema, na B1 inatoka nje ya dirisha la muda tulilolipangia. Kilele kipo, eneo lipo, ila jina halipo, na ripoti inaandika "haikuonekana". Joto hilo hilo linafifisha mwako wa sumu mbele ya detekta. Kila kimoja kati ya hivi kinapita kwenye zile namba chache kabla ya kuwa jibu. Labo ya Ulaya yenye umeme usiozimika na chumba cha nyuzi 22 mwaka mzima inaweza kuzisahau namba zake. Sisi hatuwezi. Baada ya kila kukatika tunadunga sampuli tupu na sanifu moja kabla ya kuendelea, na kama jenereta haina mafuta tunafunga tunakwenda nyumbani.

Dai la mwisho halikutoka kwa mwanakemia. Siku ya pili yule mama wa Buyenzi alichoka na benchi, akaingia ofisini, akaziona karatasi mbili mezani. Hakusoma kitu kingine ila namba.

"Mwanangu," akasema, "kama jibu linategemea nani amekaa kwenye kiti, basi nyote mnabahatisha, na mali yangu inaoza."

Nikamvutia kiti mbele ya kioo. Nikachukua faili yake, nikaanza na kizingiti cha chini kinachoweza kunyamazisha sampuli tupu, nikakizidisha mara mbili, tena mara mbili, tena, nikimsomea kila jibu: 5.3. 5.3. 5.2. 5.1. 4.9. 4.4. Nikamwonyesha kwenye mchoro jinsi mstari mwekundu wa msingi unavyopanda mguu wa mlima kila hatua. Kwenye namba za mwanzo unaweza kuzungusha kizingiti na jibu halitikisiki. Ukipita hapo linaanza kuporomoka, na haliachi tena. Namba tunayoitafuta ni ile iliyo kwenye uwanda. Ya kijana wetu ilikuwa tayari kwenye mteremko.

Alitazama kioo muda mrefu, mkono shavuni. Akaniomba nirudie ile ya 4.4. Nikairudia.

"Huu mlima mmeukata miguu," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akauliza kuchota upya magunia yote na kupima tena ni faranga ngapi, na kama tungeweza kuanza kesho saa moja, kabla umeme haujakatika.